Shitaka la Kuingilia Leba

Baba yangu alifungwa kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Ilikuwa Kisarawe, msimu wa palizi, nami nilikuwa bado sijavunja ungo. Mvua zilikuwa zimeichimba mashimo barabara ya kuteremka Pugu, na jumbe alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanaume waende kuitengeneza. Baba alikwenda. Alibeba udongo na mawe mpaka mabega yakachubuka, akarudi nyumbani, mama akamkanda kwa maji ya moto. Hata vidonda havijakauka, jumbe akaja tena.

"Jumbe," baba alimwambia, amesimama mlangoni na jembe mkononi, "mimi sina gari. Mwenye gari na aitengeneze barabara yake. Mpunga wangu uko bondeni unamezwa na majani."

Jumbe alikuwa mtu wetu, tena jamaa wa upande wa mama. Alimsihi aseme anaumwa. Baba akakataa. "Siumwi," alisema. "Sitaki."

Maneno hayo yalifika kwa Bwana Shauri kabla jua halijatua. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita Mwingereza aliyetawala wilaya. Siku ya kesi tulikwenda bomani sote, mama, bibi mzaa baba, na mimi, tukakaa nje chini ya dirisha. Bwana Shauri alisema maneno yake, kisha karani akayageuza kwa Kiswahili kwa sauti ya kuimba, kama mtu anayesoma dua: mshitakiwa amekaidi amri, kwa hiyo amefungwa. Hapo karani alikwama kidogo, halafu akamalizia kwa Kiingereza kilekile cha bwana wake: "Hadi leba."

Baba akatolewa kwa mlango wa nyuma. Sisi tukabaki na lile neno.

"Hadi Leba ni wapi?" mama aliuliza.

Hakuna aliyejua. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mpagazi wakati wa vita vya Wajerumani alisema amefika Tabora, amefika Kilwa, amevuka Rufiji, lakini Leba hajaisikia. Mwingine akasema lazima iwe ng'ambo ya bahari, maana kama ingekuwa nchi hii yule mpagazi angekuwa ameipita. Mama alijifunika kanga usoni. Alidhani mumewe atatembezwa kwa miguu, na minyororo, mpaka afike huko Leba, na akifika hatarudi.

Bibi hakulia. Bibi alikuwa mkunga, mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa upande wetu wa kilima, na hakuwa na tabia ya kulia kwa jambo asilolijua. Tangu siku ile kila msafiri aliyepita na punda au na mzigo wa makaa alimsimamisha. "Baba, shikamoo ni yako ukinijibu. Leba umeipita?" Watu walicheka, wengine walimwonea huruma. Alikufa kwa homa kabla ya mavuno, akiwa bado anauliza. Mwanawe alikuwa hayupo kumshika wala kumzika.

Na kumbe hakuwa mbali. Alikuwa machimboni chini ya kilima, akipasua mawe kwa nyundo pamoja na wafungwa wengine. Upepo ukivuma kutoka mashariki, milio ya nyundo zile ilikuwa inatufikia shambani, nasi tunapalilia.

Alirudi amekonda, kucha mbili zimeng'oka. Alipoambiwa habari za mama yake alikwenda kaburini, akakaa huko mchana kutwa. Jioni alikula kidogo, akaniita.

"Nimefika Leba," alisema. "Ni hapo chini tu. Mawe matupu." Kisha akamtazama mama. "Huyu atasoma. Nimefungwa kwa neno nisilolijua. Yeye atalijua."

Shule iliyokuwapo ilikuwa ya misheni, na sisi ni Waislamu. Shangazi alikuja mbiombio kutoka kwake, hata kukaa hakukaa.

"Kaka, unataka kumfanya Mkristo?"

"Nataka kumfanya msomaji."

"Watambatiza!"

"Asubuhi atasoma kwao, alasiri atasoma Kurani kwa mwalimu wetu. Akibatizwa, mchana uleule nitakwenda kumtoa. Nyundo sasa naijua."

Shangazi alikaa miezi hazungumzi nasi. Mimi nilikwenda. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu darasani, tena msichana, tena mwenye ushungi kati ya watoto wa Kilutheri, na kila nilichochekewa nilikishikilia zaidi. Mwalimu wetu alikuwa kijana Mwafrika mpole. Nilisubiri mpaka nikajua Kiingereza cha kuunga sentensi, ndipo nikamwuliza maana ya hadi leba.

"Leba ni kazi," alinijibu. "Na hadi si hadi ya Kiswahili. Ni neno lao, maana yake ngumu. Kazi ngumu."

Nilikimbia njia nzima kwenda kumwambia baba. Nilimkuta bondeni, maji yamemfika magotini, mgongo umeinama. Nikampa habari kwa pumzi moja.

Aliinuka polepole. "Kazi ngumu," alisema. "Na hii ninayoifanya hapa wanaiitaje?"

Niliolewa, nikaachwa. Mume wangu alisema sina adabu ya kunyamaza, naye katika hilo hakunisingizia. Nilirudi kwa baba na sanduku langu, na baba alinisaidia kuliingiza ndani bila kuuliza. Wakati huo serikali ilikuwa imefungua kliniki ya wanawake hapo Kisarawe, chini ya sista wa Kizungu, mwanamke mrefu mwenye madoa ya jua mikononi. Nilikwenda kumwambia kwamba mimi ni mjukuu wa mkunga na ninajua Kiingereza. Alinitazama juu mpaka chini, akanipa aproni.

Siku ya kwanza kabisa alipita mbio na beseni, akaninyooshea kidole mwanamke aliyelala kwenye kitanda cha dirishani, akaniambia kwa Kiingereza, "Yule yuko leba. Kaa naye."

Nilikwenda nikakaa. Mwanamke alikuwa mdogo kuliko mimi, jasho linamtoka, anauma ncha ya kanga. Nilimhurumia mpaka nikashindwa kujizuia. Sista aliporudi nikamwuliza, "Amefanya kosa gani? Amefungwa muda gani?"

Sista alicheka mpaka akaweka beseni chini. Alikuwa anajifuta machozi alipouona uso wangu, akaacha.

"Kwa nini umeuliza hivyo?" alisema.

Nikamweleza habari za baba, za bibi aliyekufa anauliza njia ya Leba. Alisikiliza, mikono imelegea kwenye aproni. Kisha akaniambia kwamba kwa Kiingereza hali ya mwanamke anayetaka kujifungua nayo huitwa leba, ni neno lilelile la kazi na la kifungo, na kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuyaweka pamoja akilini.

"Nyinyi mnasemaje?" aliniuliza.

"Tunasema uchungu."

Alilirudia neno hilo mara kadhaa huku akipima tumbo la yule binti. Nilimfanyia kazi miaka mingi, na alinifundisha yote aliyoyajua: kusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya mbao, kujua kichwa kiko wapi kwa vidole, kuchemsha mikasi, kushona. Kumpenda nilimpenda. Lakini neno lile sikulisamehe. Nilipowaona wanawake wamekaza meno, mishipa ya shingo imesimama, nilikubali kwamba hiyo ni kazi, tena hakuna kazi ya mwanamume inayoifikia. Ndiyo kwanza nikakasirika. Kama ni kazi, mbona hakuna anayeihesabu kuwa kazi?

Vita vya pili vilipokwisha, watu walikuwa wanakusanyika dukani kusikiliza redio. Siku moja baba alirudi kutoka huko anatikisa kichwa. Alikuwa amesikia kwamba kule Uingereza wamechagua watawala wapya, na chama chao kinajiita kwa neno lile lile.

"Leba wameshika serikali," aliniambia. "Wafungwa au wazazi?"

"Wafanyakazi, baba."

"Haya. Tutaona kama barabara watatengeneza wao."

Hazikupita siku nyingi sista akarudi kwao, na mimi nikahamishiwa Kibaha.

Kibaha ya wakati ule ilikuwa vibanda vichache kando ya barabara ya Morogoro, duka moja, mikorosho, na zahanati ya vyumba viwili ambayo nilikabidhiwa chumba kimoja. Nyuma ya mikorosho yalianza mashamba ya mkonge. Shamba lililokuwa karibu nasi lilikuwa kubwa hata mtu akisimama mwisho wa mistari haoni ila mistari. Wakataji wake walikuwa wanaume walioletwa kwa mkataba kutoka bara, manamba, na baadhi yao walikuwa wamekuja na wake zao. Shamba lilikuwa na lori moja lenye ubao kila upande, limeandikwa kwa rangi nyeupe: LABOUR. Asubuhi lilisomba wakataji kwenda mbali, adhuhuri likawarudisha.

Katika wake wale alikuwako mmoja niliyemzoea. Alikuwa mrefu, mweusi sana, ana chale nzuri kwenye mashavu, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota humo humo mashambani. Alianika nyuzi za mkonge kwenye nyaya pamoja na wenzake, kutwa nzima juani, na ingawa walifanya hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, shamba liliwahesabu kuwa wake za watu wanaosaidia waume zao. Kipande cha kazi, kadi inayohesabia siku za mtu ili alipwe, hawakupewa. Alipokuja kwangu tumbo limekuwa kubwa nilimpima, nikasikia mioyo miwili.

"Wawili," nilimwambia.

Alipiga makofi. "Vizuri! Mmoja yangu, moja ya bwana yake. Hapana gombana."

Nilimwambia siku yake ikifika asijifungulie kambini, aje kwangu mapema. Lakini siku hiyo ilimkuta kwenye nyaya. Mumewe alikuja kuniita mchana, anahema, mkononi bado ana kisu cha kukatia mkonge. Nilichukua mkoba wangu tukaenda mbio.

Wanawake walikuwa wamemlaza kwenye kivuli cha banda la mashine. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshatoka, wa kike, mzima, analia. Nilimfunga kitovu, nikampa mmoja wa wale wanawake amshike. Kisha nikaweka mikono yangu tumboni kumtafuta wa pili. Alikuwa amelala kingamo, amekatiza tumbo. Nilijaribu kumgeuza kama nilivyofundishwa, taratibu, kila uchungu ukipoa. Akakataa kugeuka. Maji yalikuwa yamekwisha. Nilijua nikiendelea kulazimisha nitampasua mama yake, na nilijua kwamba Dar es Salaam kuna daktari mwenye kisu, na kwamba barabara inapita pale mbele ya macho yangu.

Wakati huohuo lori likaingia na wakataji wa adhuhuri. Wakateremka. Nikamfuata dereva, mtu wa Dar, wa makamo, mwenye kofia ya kiua iliyochakaa.

"Kaka, nipeleke mjini na mgonjwa."

"Dada yangu, mimi dereva tu. Mwambie meneja."

Meneja alikuwa ametoka ofisini kwa kusikia kelele. Alikuwa Mzungu mnene, si mtu wa matusi, nilishawahi kumwona akiwapa watoto peremende. Nilimweleza kwa Kiingereza, kwa ufupi. Akatazama saa yake. Akasema anasikitika, lakini lori lile ni la leba, lina safari nyingine ya kupeleka watu alasiri, na wake za wakataji si leba. Kama angekuwa leba wa shamba, sheria ingemlazimu. Hakuwa. Tumtafutie mkokoteni.

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayesoma bei dukani. Nadhani ndicho kilichonipandisha pepo.

"Bwana," nilimwambia, "soma lori lako."

"Nini?"

"Soma kilichoandikwa ubavuni. Leba. Mwanamke huyu yuko leba tangu asubuhi. Nimefundishwa na serikali yako kumwita hivyo, imo vitabuni mwenu. Kama lori ni la leba, basi hapa hakuna mwenye haki nalo kuliko yeye. Nyuzi hizi zote ameanika yeye. Leo asubuhi ameanika huku anazaa. Hiyo ni leba mara mbili. Wewe unatafuta leba gani nyingine?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniambia nisicheze na maneno.

"Maneno si yangu," nikamjibu. "Ni yenu."

Wakataji walikuwa wamesimama, visu mikononi, hawaelewi Kiingereza. Wakamwuliza mnyapara, "Bi Mkunga anasema nini?" Mnyapara alikuwa mtu anayeogopa meneja kama radi. Alimtazama meneja, akanitazama mimi, akamtazama yule mama chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini wote walisikia, "Anasema huyu mama naye ni leba."

Halafu mumewe akasema, "Ndiyo. Leba." Mwenzake akalipokea. "Leba!" Likapita mdomo kwa mdomo mpaka likawa kelele moja, wanaume na wanawake, wanaligonga neno lile kama ngoma. Sikuwaambia waweke visu chini. Waliviweka wenyewe, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyerudi kazini alasiri ile. Wanaume wanne wakamwinua mama kwenye gunia la nyuzi, wakampandisha. Mimi nikapanda, na aliyebeba mtoto akapanda. Mumewe akasimama mbele ya meneja, wala hakumgusa, alisimama tu.

Dereva alikuwa ameshika usukani, ameshawasha injini. "Wakiniuliza," aliniambia kupitia dirishani, "nitasema mlinivamia."

"Sema tulikuwa jeshi," nikamjibu. "Twende."

Tulikwenda. Barabara ile ilikuwa vumbi na mashimo, na kila shimo lilimfanya mama yule apige ukelele. Nilimshikilia kiuno. Tulipopita Kibamba alinivuta kanga, macho yamemtoka.

"Mama. Mimi hapana kufa kwa mkonge."

"Hufi."

"Kama nakufa, wewe zika mimi mbali. Mkonge hapana ona kaburi yangu."

"Hufi, nimekwambia. Nyamaza, tunza pumzi."

"Hapana nyamaza," alisema, akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, wimbo mkali wenye matusi ndani yake, hilo nalijua ingawa sikuelewa neno, maana yule mwenzake aliyembeba mtoto alicheka na kulia kwa pamoja.

Hospitali ya serikali walimpokea na kumpasua jioni ileile. Mtoto wa pili alikuwa wa kiume. Alitolewa amekwisha kufa. Daktari aliniambia kwamba kama tungefika mapema kidogo huenda angeishi, na kama tungechelewa tena kidogo tungempoteza na mama. Nilizitia akilini sentensi zote mbili. Mama alipozinduka nilimweleza mwenyewe. Aligeukia ukutani. Baadaye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikamwekea binti yake.

Barua ya wito ilinifuata baada ya muda mfupi. Meneja alikuwa ameshitaki, nami nikatakiwa bomani Kisarawe, kwenye chumba kilekile alichohukumiwa baba. Alikuwako Bwana Shauri, mwingine, kijana kuliko yule wa zamani. Alikuwako meneja. Na alikuwako afisa kutoka Ofisi ya Leba mjini, mwembamba mwenye miwani, maana kumbe serikali ilikuwa na ofisi nzima ya neno hilo. Mkalimani alipoinuka nikamwambia akae, sihitaji msaada wake.

Bwana Shauri akasoma shitaka. Mimi, mkunga wa zahanati ya serikali Kibaha, nimeshitakiwa kwamba nimeingilia leba ya shamba na kuichochea iache kazi.

"Unasemaje?" aliniuliza.

"Ni kweli, bwana. Nimeingilia leba."

Meneja akageuka kunitazama.

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa," nikaendelea. "Kila siku ninaingilia leba. Mtoto akikaa vibaya naingiza mkono wangu nikamgeuza. Serikali inanilipa kwa hilo. Naomba karani aandike ni leba ipi niliyoingilia. Ya wale waliokuwa na visu, au ya yule aliyekuwa na mtoto kingamo? Maana ya wale wenye visu sikuigusa. Hawakuwa na shida, walikuwa wanakwenda kula."

"Uliwachochea kwa Kiingereza?" Bwana Shauri aliuliza.

"Hawajui Kiingereza. Niliongea na meneja. Kama Kiingereza kilimchochea mtu, ni yeye."

Afisa wa miwani aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake, nikaona mabega yanatikisika. Alipopata nafasi ya kuuliza alimwuliza meneja, si mimi. Wanawake wanaoanika wako wangapi? Wanaanika saa ngapi kwa siku? Kwa nini hawana vipande? Meneja alijibu jibu lake la wake za watu. Afisa akaandika kwa muda mrefu.

Shitaka lilifutwa. Lakini nilipotoka Bwana Shauri aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba nimemvunjia heshima mtu mbele ya watu wake, na idara inataka niandike barua ya kumwomba radhi. Barua ilikuwa imeshaandikwa kwa mashine. Ilibaki sahihi yangu tu. Nisipotia sahihi, aproni na chumba cha Kibaha watapewa mwingine.

Nilikwenda nayo nyumbani kufikiri. Baba alikuwa amezeeka, amekaa kwenye mkeka anasokota kamba. Nilimsomea kwa Kiswahili. Nilitazamia acheke.

"Tia sahihi, mwanangu," alisema.

Sikuamini masikio yangu. "Baba, wewe uliitwa barabarani ukakataa. Jumbe alikupa mlango wa kutokea, hukuutumia."

"Nilikataa. Mama yangu akazikwa mimi sipo. Mama yako akalima peke yake mpaka mimba ikamtoka, jambo hilo hatukuwahi kukwambia. Neno lako ulilisema, limesikika, gari lilikwenda, mama wa watu yuko hai. Karatasi ni karatasi. Tia sahihi urudi kwenye kazi yako."

"Nikitia sahihi nitakuwa nimesema kwamba hakuwa leba."

"Mungu anajua."

"Meneja hajui. Na atakayekuja baada yake ataisoma barua hiyo, hatamsoma Mungu."

Baba alitupa kamba chini. Ndiyo mara pekee maishani mwake aliyonipazia sauti. Alisema nina kichwa cha jiwe. Nikamwambia nimekirithi, na jiwe lenyewe tunajua lilikopasuliwa. Akaokota kamba yake, akaingia ndani. Nilikaa na barua ile mpaka kiza kikaingia, nikaipeleka bomani asubuhi kama nilivyopewa, haina sahihi. Bwana Shauri alinitazama kwa huzuni ya kweli. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikamwekea mezani.

Kwa wiki nzima baba hakunisemesha. Kisha nikasikia kwa watu kwamba barazani, baada ya sala ya Ijumaa, alikuwa amewaambia wazee wenzake kwamba binti yake ameshindana na maboma mawili, la serikali na la baba yake, na yote mawili yamekaa chini. Kwangu hakuwahi kulisema.

Wale wanawake wa nyaya walipewa vipande. Sidai kwamba ni kwa ajili yangu peke yangu, miaka ile kila mahali watu walikuwa wameanza kuuliza maswali. Mnyapara alishushwa cheo. Dereva alibaki, maana alisema alivamiwa. Mume wa yule mama hakuongezewa mkataba, na badala ya kurudi kwao bara walikwenda wakaomba shamba Gwata, wakapewa msitu, wakaufyeka.

Mimi nilifungua mlango wangu Kisarawe. Wanawake walikuja, kwanza wa jirani, kisha wa mbali. Mganga mpya wa serikali alituma ujumbe kwamba sina ruhusa. Nilimjibu kwamba bibi yangu pia hakuwa nayo, na kwamba akitaka kunizuia aje asimame mlangoni siku ambayo mkewe ana uchungu.

Miaka kadhaa baadaye mtu alinifuata kutoka Gwata na baiskeli. Yule mama alikuwa na mimba tena, na alisema hatazalishwa na mwingine. Nilipanda nyuma, tukaenda. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti, mbele kuna mihogo iliyonizidi urefu. Binti mkubwa alikuja kunipokea mkoba. Ndani mama yake alikuwa anatembea huku na huku, mkono kiunoni, anamgombeza mumewe kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama," aliniambia, ingawa hatukupitana sana umri.

"Marahaba. Umeanza lini?"

"Alfajiri. Mimi napanda mahindi kwanza, mstari yangu ilikuwa bado." Akaegemea nguzo, uchungu ukampitia, ukaisha. Akafuta uso. "Sasa tayari. Fanya kazi yako, mimi nafanya yangu."

Nikanawa mikono.